Mbwa mzee aliye kituoni: jinsi ya kumpatia makao mapya

WATU wengi wanaofika katika vituo vya kutunzia wanyama waliotelekezwa hutaka jambo moja: mtoto wa mbwa mwenye umri wa wiki nane au kumi, ambaye watoto wa nyumbani watacheza naye na ambaye atakua akimjua bwana mmoja tu. Ni wachache wanaosimama mbele ya kibanda cha mbwa mwenye mvi mdomoni. Matokeo yake ni kwamba mbwa wazee hukaa vituoni muda mrefu kuliko wenzao, na pale nafasi na chakula vinapopungua, wao ndio walio katika hatari zaidi ya kuuawa kwa sindano, hata kama hawana ugonjwa usiotibika.

Suala hili si geni katika miji ya Afrika Mashariki. Jijini Nairobi, Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama nchini Kenya (KSPCA), ambacho chimbuko lake ni mwaka 1910, hupokea mbwa na paka katika kituo chake kilichopo mtaa wa Karen na kuwatafutia wenyeji wapya. Nchini Tanzania, ustawi wa wanyama una sheria yake mahsusi, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na nchini Kenya kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Hata hivyo, sheria inaweza kumzuia mtu kumtesa mnyama, lakini haiwezi kumpatia mnyama huyo kwao. Kazi hiyo hubaki kwa wananchi wenyewe.

Kwa nini mbwa wazee hufikishwa vituoni

Dhana iliyoenea ni kwamba mbwa aliyerudishwa ukubwani ana kasoro: ama ni mkali, ama ni mgonjwa, ama ana tabia iliyomshinda bwana wake. Wapo wa namna hiyo, lakini mara nyingi sababu hutokana na maisha ya binadamu. Mwenye mbwa hufariki dunia na warithi wake hawana nafasi. Familia huhama kutoka nyumba yenye uwanja na kuingia katika fleti ambayo mwenye nyumba hakubali wanyama. Mgeni aliyekuwa akifanya kazi nchini humaliza mkataba wake na kurejea kwao. Wengine huwatoa mbwa wao kwa kushindwa kumudu gharama za matibabu, au kwa kuwa mbwa wa ulinzi amepoteza nguvu na nafasi yake imechukuliwa na kijana.

Kwa sababu hiyo, mbwa mzee kituoni mara nyingi ni mnyama aliyekwisha kuishi na watu. Ameshazoea kuitwa jina, kufungwa kamba na kutembezwa, na anajua kwamba haja haifanywi sebuleni. Ukubwa wake na tabia zake zimekwisha kujulikana, jambo ambalo mnunuzi wa mtoto wa mbwa hana namna ya kulihakikisha. Wahenga walisema utu uzima dawa, na usemi huo unawafaa pia wanyama hawa.

Mbwa huhesabiwa mzee lini

Hesabu ya zamani kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na miaka saba ya binadamu haina msingi wa kisayansi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliochapishwa mwaka 2020 kwa kuchunguza chembechembe za urithi za mbwa aina ya Labrador, ulionyesha kwamba mbwa hukua kwa kasi kubwa katika miaka ya mwanzo na kasi hiyo hupungua baadaye. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, mbwa wa mwaka mmoja anakaribiana na binadamu wa miaka 30.

Umbo nalo lina nafasi yake. Mbwa wakubwa huzeeka mapema kuliko wadogo. Mbwa wa mbegu kubwa sana, kama Great Dane, anaweza kuhesabiwa mzee afikapo miaka sita, ilhali mbwa mdogo hufika miaka kumi kabla hajaanza kuonyesha dalili. Madaktari wa mifugo hutumia kipimo rahisi: mbwa ameingia uzeeni anapokuwa katika robo ya mwisho ya umri unaotarajiwa kwa mbegu yake. Hivyo, mbwa mdogo wa miaka tisa anayeitwa mzee anaweza kuwa na miaka mitano au sita mbele yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kumchukua

Anayekusudia kumchukua mbwa mzee anashauriwa kuanza na hali ya nyumbani kwake. Je, mwenye nyumba ameruhusu? Kuna ngazi ngapi kutoka mlangoni hadi chini, na mbwa mwenye maumivu ya viungo atazipandaje? Nani atamlisha familia ikisafiri kwenda bara wakati wa sikukuu? Je, wote waliomo ndani ya nyumba wameridhia?

Swali la majirani lina uzito wake, hasa katika miji ya mwambao. Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani, mate ya mbwa huhesabiwa kuwa najisi, na Mwislamu aliyeguswa nayo hulazimika kujitwaharisha. Katika majengo ambamo ngazi na ua ni vya watu wote, ni adabu na ni busara kuzungumza na jirani kabla mbwa hajafika, kuliko kungoja ugomvi utokee na mnyama arudishwe kituoni mara ya pili.

Kisha yafuate maswali kwa wahudumu wa kituo. Aliletwa lini na kwa sababu gani? Amewahi kuishi na watoto, na paka au kuku? Amewahi kumuuma mtu? Anakula nini, na hulala ndani au nje? Kituo makini hakitaona vibaya kuulizwa, na chenyewe kitauliza mengi. Kwa kawaida wahudumu hutaka kuiona nyumba, kukagua uzio na kuhakikisha kwamba mbwa hatafungwa mnyororo mchana na usiku. Ni vyema pia kumtembelea mbwa zaidi ya mara moja, kwani mnyama aliyezungukwa na kelele za wenzake huweza kuonekana mkali au mnyonge kuliko alivyo.

Baadhi ya watu huanza kwa kumlea mbwa kwa muda huku kituo kikiendelea kumtafutia makao ya kudumu. Utaratibu huu humpunguzia mbwa dhiki ya kibanda, na humpa mlezi nafasi ya kujipima.

Uchunguzi wa afya

Mbwa mzee asichukuliwe pasipo kupimwa na daktari wa mifugo. Jambo la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na kwamba takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, hauna tiba, lakini huzuilika kwa chanjo. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake. Yeyote aliyeumwa na mbwa asiyejulikana aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Jambo la pili ni maradhi ya kupe, ambayo ni ya kawaida katika ukanda huu. Babesia na erlichia huharibu damu ya mbwa na kumdhoofisha polepole. Uvivu unaodhaniwa kuwa uzee unaweza kuwa ugonjwa unaotibika. Kipimo cha damu huonyesha pia hali ya figo na ini.

Tatu ni meno. Mbwa wengi wazee wana ugonjwa wa fizi, na yule anayekataa chakula huenda anaumwa kinywa tu. Nne ni macho. Ukungu wa rangi ya samawati katika mboni ya mbwa mzee mara nyingi ni badiliko la kawaida la umri ambalo halimfanyi kuwa kipofu. Si lazima uwe mtoto wa jicho, na daktari anaweza kuvitofautisha. Tano ni viungo. Mbwa anayechelewa kuinuka asubuhi huenda ana maumivu ya mifupa ambayo hupungua kwa dawa na kwa kupunguza uzito. Dawa za binadamu kama paracetamol na ibuprofen asipewe kamwe, kwani huweza kumuua.

Mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi anahitaji uangalizi zaidi. Usaha katika mfuko wa uzazi huwapata majike wakubwa na huua usipotibiwa haraka. Dalili zake ni pamoja na kunywa maji mengi, kukosa hamu ya chakula na kutokwa na uchafu sehemu za siri.

Siku za mwanzo nyumbani

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa mzee, jembe hilo lisubiri. Vituo vingi duniani hutumia kipimo cha siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu: siku tatu za kutulia baada ya hofu ya safari, wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba, na miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Kipimo hiki si sheria, lakini huwasaidia wenyeji wasikate tamaa mapema.

Katika siku hizo mbwa apewe pembe moja tulivu, godoro au blanketi nene mbali na sakafu baridi, na maji safi wakati wote. Alishwe milo miwili midogo kwa saa zile zile. Ikiwa kituoni alizoea ugali kwa dagaa, asibadilishiwe chakula kwa siku moja; kipya kichanganywe kidogo kidogo kwa muda wa wiki nzima ili asiharishe. Mifupa iliyopikwa, vitunguu, zabibu na chokoleti ni hatari kwake. Matembezi yawe mafupi na ya mara kwa mara, nyakati za asubuhi na jioni, kabla lami haijapata moto.

Watoto wafundishwe kutomsogelea anapokula au anapolala. Mbwa ambaye masikio yake yamedhoofika hushtuka anapoguswa ghafla, na hapo huweza kuuma bila ya kuwa mkali. Wale wanaodai kwamba mbwa mzee hafundishiki wanakosea. Hujifunza, japo kwa utaratibu zaidi, na asiyesikia vizuri hufuata ishara za mkono.

Gharama na suala la kifo

Si haki kumficha mtu ukweli. Mbwa mzee humpeleka bwana wake kwa daktari mara nyingi kuliko kijana, na wataalamu hushauri apimwe kila baada ya miezi sita. Wengine hupata kusahau uzeeni: huzunguka usiku, hujikuta wamekwama nyuma ya mlango, au huanza kukojoa ndani. Familia isiyoweza kubeba mzigo huo ni heri iseme mapema.

Hofu kubwa zaidi ya watu wengi ni kumpoteza mnyama muda mfupi baada ya kumzoea. Hofu hiyo haina jibu jepesi. Mbwa wa miaka kumi na miwili huenda akaishi mwaka mmoja tu. Lakini mwaka mmoja ni sehemu kubwa ya maisha ya mbwa, na tofauti ya kuumalizia kwenye saruji ya kibanda au miguuni pa mtu anayemwita kwa jina ni kubwa mno.

Nchi nyingine zimejenga utaratibu kwa ajili yao. Kituo cha Battersea cha London, kilichoanzishwa na Mary Tealby mwaka 1860, kimewapatia makao mbwa wa kila umri kwa zaidi ya karne moja na nusu. Mjini San Francisco, Marekani, shirika la Muttville lilianzishwa mwaka 2007 mahsusi kwa mbwa wazee, na huwapatia wengi wao wenyeji ambao nao ni watu wa makamo na wazee wanaotafuta mwenzi mtulivu wa nyumbani.

Kwa anayelazimika kumtoa mbwa wake

Mwenye mbwa ambaye hana budi kumwachilia asimpeleke porini wala kumfungulia lango usiku kwa kutarajia kwamba atajitafutia. Mbwa aliyelelewa nyumbani hana ujuzi wa kuishi mtaani, na hufa kwa njaa, magari au sumu. Aanze kwa kuwauliza jamaa na marafiki, tena mapema, si juma la kuhama. Akishindwa, akipeleke kituoni kisa kizima pamoja na mbwa: kadi ya chanjo, jina analoitikia, chakula alichozoea, maradhi aliyougua na mambo anayoyaogopa. Blanketi lake la zamani nalo lifuatane naye, kwa kuwa harufu anayoijua humtuliza.

Maelezo hayo machache ndiyo humwezesha mhudumu kumweleza mgeni anayepita mbele ya kibanda kwamba mbwa huyu mwenye mvi hapigi kelele usiku, anawapenda watoto na anaitika aitwapo.