Miti Yenye Vibao na Miti Isiyo na Vibao

Kwa sisi watu wa Tarime, Nairobi si mbali. Ukivuka mpaka pale Sirari asubuhi, jioni umeshafika, wakati mwenzako aliyepanda basi la Dar es Salaam bado ana usiku mzima barabarani. Kwa hiyo nikipata siku mbili tatu za mapumziko huwa naelekea huko. Safari ya mwisho sikwenda madukani wala kwenye muziki. Nilikwenda kutazama miti. Ndiyo, miti! Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Bustani yenyewe inaitwa Nairobi Arboretum. Ipo karibu na Ikulu ya Kenya, ina ukubwa wa hekta 30 hivi, na ndani yake kuna aina zaidi ya 350 za miti. Wapo waliokuja kukimbia, wapo wapenzi waliojificha vichakani, na wapo tumbili wanaopora mikate ya watoto. Miti mingi ina kibao chenye jina la kisayansi. Kundi letu lilitembezwa na mama mmoja wa makamo ambaye halipwi chochote kwa kazi hiyo. Anajitolea tu.

Bustani hii haikuanzishwa kwa ajili ya kupumzika. Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, ikafika Kisumu 1901, na injini za treni zile zilikula kuni. Misitu iliyo karibu na reli ikaanza kwisha. Serikali ya kikoloni ikataka miti inayokua haraka, na mwaka 1907 ofisa wa misitu aliyeitwa Battiscombe akaanzisha hapa shamba la majaribio la miti kutoka nje. Mikaratusi, kwa mfano, asili yake ni Australia. Mimi nimekua nikiiona kila kona ya Tarime, nikadhani ni ya kwetu kama ulezi. Kumbe ni mgeni!

Mwaka 1932 eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya msitu. Lakini tangazo ni karatasi, na karatasi peke yake haizuii panga. Miaka ilivyokwenda bustani ikachakaa, na watu wakaogopa kuingia. Hicho pia kilikuwa kipindi ambacho ardhi ya umma Nairobi ilikuwa ikimezwa. Mwaka 1989 ulikuwapo mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai akaupinga mpaka ukafa. Mwaka 1999 alipigwa mpaka akatoka damu kwa sababu alikwenda kupanda miti katika msitu wa Karura.

Katikati ya hayo, mwaka 1993, wakazi wapenda mimea wakaunda kikundi cha marafiki wa bustani hii, kinachofahamika kwa kifupi kama FONA. Hawakuwa na bunduki wala cheo. Walichofanya ni kuitambua miti, kuiwekea vibao, kuandaa kitabu cha kuielezea, kuleta watoto wa shule na kushirikiana na idara ya misitu. Baadaye sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2005 ikazipa jamii nafasi rasmi ya kushiriki kutunza misitu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo siri. Ni vigumu kukata kimyakimya mti ambao watu 100 wanaujua kwa jina.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Tulisimama chini ya mti mmoja mkubwa wenye mizizi inayoning'inia. Yule mama akasema, "Huu Wakikuyu wanauita mugumo. Wazee waliomba chini yake. Wewe kijana wa Tanzania, kwenu mnauitaje?"

Nikanyamaza. Kichwani likanijia jina la Mugumu, mji mkuu wa wilaya ya Serengeti, nikajiuliza kama huko kufanana ni bahati tu. Nina shahada, naandika gazetini, naweza kukutajia mwaka reli ilipofika Kisumu. Jina la mti kwa lugha ya bibi yangu sina.

Na kwetu bustani hizi zilikuwapo! Huko magharibi mwa Serengeti, kwa Wanata, Waikoma na Wangoreme, kuna chemchemi, vilima na miti inayoaminiwa kuwa makao ya emisambwa, yaani mizimu ya mahali hapo. Wazee ndio waliotunza, bila mshahara na bila kibao. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alisikiliza simulizi zao akaandika kitabu, *Imagining Serengeti*, kilichotoka mwaka 2007. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakatangazwa mwaka 1994. Baadhi ya sehemu hizo zikabaki ndani, watunzaji wakabaki nje. Sisemi hifadhi ni kosa. Nasema mti umelindwa, ila aliyekuwa akimwonyesha mjukuu mti huo hafiki tena.

Niliporudi Tarime nilichukua daftari nikamfuata bibi. Tukazunguka boma mpaka mtoni, yeye na mkongojo wake, mimi na kalamu. Huu wa tumbo la watoto. Huu wa mizinga ya nyuki. Huu hauchomwi kuni, usiniulize kwa nini, ndivyo tulivyokuta. Tuliandika miti 19. Kwa miwili akasimama muda mrefu, akagusa gome, akatikisa kichwa.

"Hiyo, mjukuu wangu, angekwambia babu yako."

Babu tulimzika miaka minne iliyopita, na nilikuwa naye kila likizo. Sikuwahi kumuuliza.

Wewe bado unaye wa kumuuliza? Basi usingoje likizo ijayo.