Barua pepe za uhakiki kwa wauzaji wa mtandaoni

Barua pepe ya uhakiki ni ujumbe ambao jukwaa la biashara ya mtandaoni humtumia mtu anayeuza bidhaa kupitia jukwaa hilo, likimtaka athibitishe utambulisho wake, anwani, namba ya mlipakodi au akaunti ya benki anayolipwa. Majukwaa kama Amazon, eBay na Etsy hutuma barua za namna hii mara kwa mara, na muuzaji asiyezijibu anaweza kufungiwa duka. Matapeli nao huziiga ili kuiba nywila, nakala za vitambulisho na fedha za mauzo.

Ugumu wa kuzitofautisha unatokana na jambo moja: barua ya kweli ina karibu kila dalili ambayo watu wamefundishwa kuiogopa. Hutaja tarehe ya mwisho, hutishia kufunga akaunti, huomba picha ya pasipoti na namba ya benki. Muuzaji anayefuta kila barua ya kutisha anaweza kupoteza duka lake, na anayejibu kila barua anaweza kupoteza fedha zake. Kwa hiyo sura ya barua peke yake haitoshi kuamua. Kinachoamua ni njia anayoitumia muuzaji kuijibu.

Kwa nini majukwaa huomba uhakiki

Sehemu kubwa ya maombi haya hutokana na sheria. Nchini Marekani, sheria iitwayo INFORM Consumers Act ilianza kutumika tarehe 27 Juni 2023. Inamhusu muuzaji ambaye, katika kipindi chochote cha miezi 12 mfululizo ndani ya miezi 24 iliyopita, amefanya mauzo 200 au zaidi ya bidhaa mpya na kupata dola 5,000 au zaidi. Jukwaa lina siku 10 za kukusanya taarifa zake za benki, mawasiliano na kodi, na siku nyingine 10 za kuzihakiki. Asipotoa taarifa hizo baada ya kupewa notisi, jukwaa linatakiwa kusimamisha mauzo yake. Kila mwaka huulizwa tena kama taarifa zimebadilika.

Umoja wa Ulaya una kanuni zinazofanana. Tangu tarehe 1 Januari 2023 majukwaa yanatakiwa kuripoti mapato ya wauzaji kwa mamlaka za kodi, na tangu Februari 2024 Sheria ya Huduma za Kidijitali inayataka yawatambue wafanyabiashara kabla ya kuwaruhusu kuuza. Kwa hiyo barua inayodai kitambulisho ndani ya siku 10 inaweza kuwa ya kweli kabisa, hata kama maneno yake ni makali. Matapeli wanalijua hilo, na barua nyingi za uongo huitaja sheria fulani ili zionekane rasmi.

Kinachoibwa

Akaunti ya muuzaji ni mali kuliko akaunti ya mnunuzi wa kawaida. Ndani yake kuna fedha zinazosubiri kulipwa, sifa njema iliyojengwa kwa miaka, na anwani za wateja. Tapeli akishaingia, hatua ya kwanza kwa kawaida ni kubadilisha akaunti ya benki inayopokea malipo. Muuzaji huendelea kupakia na kutuma mizigo kama kawaida huku fedha zikienda kwingine, na huenda asigundue mpaka siku ya malipo ipite.

Mwaka 2018, kati ya Mei na Oktoba, wahalifu waliingia katika akaunti za wauzaji wapatao 100 wa Amazon na kuelekeza malipo yao kwenye akaunti nyingine za benki. Habari hiyo ilijulikana mwaka 2019 kupitia nyaraka za mahakama nchini Uingereza. Kwa maelezo ya Amazon, huenda wauzaji hao walihadaiwa kutoa siri zao za kuingilia. Mwaka mmoja kabla yake kulikuwa na wimbi jingine, ambapo nywila zilizoibwa kwenye tovuti nyingine zilitumika kufungua maduka ya Amazon na kutangaza bidhaa zisizokuwepo kwa bei ya kutupa. Wanunuzi walilipa, mzigo haukufika, na lawama ikamwangukia mwenye duka.

Nakala ya kitambulisho nayo haipotei bure. Nywila hubadilishwa kwa dakika moja, lakini picha ya pasipoti iliyokwisha kutumwa hairudi, na mtu mwingine anaweza kuitumia kufungulia akaunti kwa jina la muuzaji.

Jina la mtumaji

Itifaki ya kusafirisha barua pepe, SMTP, iliwekwa mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa na watumiaji wachache waliofahamiana. Haikuwa na njia ya kuthibitisha mtumaji. Sehemu ya "kutoka kwa" inaweza kuandikwa chochote, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Isitoshe, programu nyingi za barua kwenye simu huonyesha jina tu na kuficha anwani, hivyo tapeli hahitaji hata kughushi anwani: anajiita "Huduma kwa Wauzaji" na inatosha.

Kasoro hiyo ilizibwa baadaye kwa mifumo mitatu. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa niaba ya kikoa fulani, DKIM huweka saini ya kidijitali kwenye barua, na DMARC humwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyofaulu majaribio hayo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka watumaji wa barua nyingi watumie mifumo yote mitatu.

Hata hivyo mifumo hii hujibu swali dogo kuliko watu wanavyodhani. Huthibitisha kwamba barua imetoka kwenye kikoa kilichotajwa, si kwamba mwenye kikoa ni mwaminifu. Tapeli anaweza kununua kikoa chake, akakiwekea SPF, DKIM na DMARC, na barua zake zikafaulu majaribio yote.

Zaidi ya hapo, barua inaweza kutoka kwenye anwani halisi ya kampuni na bado ikawa ya utapeli. Kwa PayPal imetokea mara nyingi: tapeli hufungua akaunti, hutengeneza ankara ya bandia, na katika nafasi ya maelezo huandika kwamba akaunti ya mpokeaji ina tatizo na apige simu namba fulani. Ankara hiyo hutumwa na seva za PayPal zenyewe. Anwani ni sahihi, saini ni sahihi, kiungo ni sahihi. Uongo uko kwenye namba ya simu tu.

Kinyume chake pia hutokea. Facebook hutuma barua zake kutoka kikoa cha facebookmail.com, ambacho mtu makini angekishuku kwa sababu hakifanani na anwani ya tovuti yenyewe. Ni cha kweli.

Kusoma anwani ya tovuti

Anwani iliyo chini ya kitufe cha "Thibitisha sasa" husaidia zaidi kuliko nembo na rangi. Baada ya https://, anwani husomwa hadi mkwaju unaofuata, kisha kutoka kulia kwenda kushoto. Katika ebay.com.uhakiki.example/ingia, mwenye tovuti ni uhakiki.example, maneno "ebay.com" yaliyo mbele ni pambo ambalo mtu yeyote anaweza kuliweka. Nchi nyingine huongeza sehemu moja zaidi, kama .co.uk, .co.ke na .co.tz, na hapo jina la mwenye tovuti ni neno lililo mara tu kabla ya sehemu hiyo.

Herufi nazo hudanganya. Herufi "r" na "n" zikikaribiana huonekana kama "m" kwenye kioo kidogo cha simu, na baadhi ya herufi za Kisirili, kama а, hazitofautiani kwa macho na za Kilatini. Alama ya kufuli kwenye kivinjari haisaidii katika hili: inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa, na vyeti vyake hupatikana bure hata kwa matapeli. Msimbo wa QR ni mbaya zaidi, kwa kuwa anwani haisomeki kwa macho kabla ya kuupiga picha.

Ushauri wa zamani wa kutafuta makosa ya tahajia umepungua thamani. Programu za akili bandia huandika barua safi kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Makosa yakiwepo ni dalili mbaya. Yasipokuwepo hayathibitishi kitu.

Utapeli ndani ya jukwaa

Muuzaji mpya ndiye anayelengwa zaidi, kwa sababu bado hajazoea jinsi jukwaa linavyowasiliana naye. Siku chache baada ya kufungua duka hupokea ujumbe katika kisanduku kilekile cha wateja: "Nimejaribu kununua lakini mfumo unasema hujathibitisha duka lako. Nipe barua pepe yako." Anayeandika anajifanya mnunuzi. Muuzaji akitoa anwani yake, muda mfupi baadaye hupata barua yenye nembo ya jukwaa na kiungo cha "uhakiki", kinachomtaka aandike namba za kadi ya benki ili apokee malipo. Dai hilo halina mantiki, kwani mtu anayelipwa hahitaji kutaja namba ya usalama iliyo nyuma ya kadi yake. Wengine hufungua akaunti za kawaida za wanunuzi na kuzipa majina kama "Msaada" au "Kitengo cha Uhakiki", kisha huandika kutoka humo.

Katika matangazo ya bidhaa zilizotumika, hasa Marekani, kuna hila nyingine. Mnunuzi husema anaogopa matapeli, hivyo atatuma namba ya tarakimu sita kwenye simu ya muuzaji ili kuthibitisha kwamba ni mtu wa kweli. Muuzaji akiisoma namba hiyo na kuirudisha, anakuwa amemsaidia mgeni kufungua laini ya Google Voice iliyounganishwa na simu yake, ambayo hutumika kutapeli watu wengine. Tume ya Biashara ya Marekani imetoa tahadhari kuhusu hila hiyo. Jukwaa la kweli huomba namba ya uthibitisho iandikwe kwenye ukurasa wake wakati mwenye akaunti mwenyewe anaingia. Halimwombi aitaje kwa mtu.

Afrika ya Mashariki wafanyabiashara wengi wadogo huuza kupitia Facebook, Instagram na WhatsApp. Huko barua ya uongo kwa kawaida hudai kwamba ukurasa umekiuka hakimiliki na utafutwa baada ya saa 24, au kwamba umestahili alama ya buluu.

Njia ya kuhakikisha

Njia inayofaa kwa barua zote, za kweli na za uongo, ni kutobonyeza chochote ndani yake. Muuzaji hufunga barua, hufungua programu ya jukwaa au huandika anwani yake mwenyewe kwenye kivinjari, kisha huangalia kama dai lilelile lipo ndani ya akaunti. Kama uhakiki unahitajika kweli, jukwaa litauonyesha kwenye ukurasa wa akaunti pamoja na tarehe ya mwisho. eBay huweka nakala ya barua zinazohusu akaunti katika kisanduku cha ujumbe cha mwanachama. Instagram, tangu mwaka 2019, ina sehemu katika mipangilio ya usalama inayoorodhesha barua ilizotuma siku za karibuni. Isiyoonekana humo haikutoka kwao. Njia hii haimgharimu muuzaji chochote hata barua ikiwa ya kweli, kwa kuwa nyaraka zitapakiwa palepale zilipotakiwa.

Programu za kutunza nywila husaidia bila mtu kukusudia. Hujaza nywila kwenye kikoa kilichohifadhiwa tu. Zikikataa kujaza kwenye ukurasa unaofanana na wa kawaida, ni vema kusita. Uthibitishaji wa hatua mbili kwa ujumbe wa simu ni bora kuliko kutokuwa nao, lakini kurasa za uongo za siku hizi huipokea namba hiyo na kuituma kwenye tovuti halisi papo hapo. Funguo za kidijitali zinazofungamana na kikoa hazipitiki kwa njia hiyo.

Baada ya kudanganywa

Aliyekwisha kuandika nywila yake kwenye ukurasa wa uongo hana muda mwingi. Hubadilisha nywila kutoka kwenye tovuti halisi, huviondoa vifaa vyote vilivyoingia, kisha huangalia akaunti ya benki ya malipo, kwani kubadilisha nywila hakurudishi namba ya benki iliyokwisha kubadilishwa. Kisanduku cha barua pepe nacho huchunguzwa: matapeli huacha amri za kuhamisha au kuficha barua ili mwenye akaunti asione maonyo ya jukwaa. Kama namba za kadi zilitolewa, benki hupigiwa simu kwa namba iliyo kwenye kadi yenyewe, si iliyo kwenye barua. Anayetumia nywila moja kwenye tovuti kadhaa hulazimika kuibadilisha kote.

Sheria

Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inataja kosa la kutengeneza tovuti au kutuma ujumbe kwa lengo la kumhadaa mtu atoe taarifa zake. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 300,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Majukwaa makubwa yana anwani za kupokea nakala za barua zinazoshukiwa, na hupendelea barua hiyo ipelekwe kama kiambatisho, kwa sababu ikinakiliwa maneno yake tu, taarifa za njia iliyopitia hupotea.