Osorterat na Istilahi Nyingine za Viwanda vya Mbao vya Uswidi

Neno la Kiswidi sortering lina kazi mbili katika kiwanda cha kupasua mbao. Magogo yanapofika kutoka msituni hufanyiwa timmersortering. Mbao zikishapasuliwa na kukaushwa hufanyiwa virkessortering. Timmer ni magogo ya kupasuliwa, virke ni mbao. Kiswahili kinaweza kutenganisha kazi hizi kwa vitenzi: magogo hupangwa, mbao hutiwa madaraja. Kutumia “uainishaji” kwa zote mbili humwacha msomaji asijue kama bado yuko kwenye uwanja wa magogo au amekwisha kuingia ghalani.

Magogo, mengi yakiwa ya furu (msonobari) na gran (msprusi), hupangwa hasa kwa toppdiameter, yaani kipenyo cha ncha nyembamba bila kuhesabu gome. Gogo hupungua unene kuelekea kileleni, kwa hiyo ncha ndiyo inayoamua mbao za ukubwa gani zitatoka kwa urefu wote. Mpango wa mikato ya kila kundi huitwa postning, na “mpango wa mpasuo” unatosha kuutaja. Chukua mbao mbili za milimita 50 kwa 150 zitokazo katikati ya gogo: pamoja na milimita 4 zinazoliwa na msumeno, zinahitaji eneo la milimita 104 kwa 150, ambalo ulalo wake ni karibu milimita 183. Hapo nafasi ya kusinyaa wakati wa kukauka haijaongezwa.

Ncha ikiwa nyembamba kuliko hapo, ubao hutoka na vankant: sehemu ya mviringo wa gogo iliyobaki kwenye kona yake, pengine na gome. Neno banzi linavutia, lakini banzi ni kipande cha nje kinachoondolewa kizima, ilhali vankant ni dosari ya ubao unaouzwa. “Ukingo wa gogo” ni tafsiri salama zaidi.

Katika kutia madaraja, kinachotazamwa sana ni mafundo. Frisk kvist, kwa maana ya neno kwa neno, ni fundo lenye afya: tawi lilikuwa hai na nyuzi zake zimeungana na za shina. Torr kvist, fundo kavu, ni tawi lililokufa kisha shina likakua na kulizunguka. Ubao ukikauka, fundo hilo huweza kulegea na kuacha tundu. Kuliita la kwanza “fundo bichi” ni kupotosha, kwa kuwa ubichi wa mbao huhusu maji. Afadhali “fundo lililoshikamana” na “fundo mfu”.

Mtego mkubwa ni osorterat. Kamusi itasema “isiyochambuliwa”, na msomaji atadhani ni mbao za ovyo. Ukweli ni kinyume. Utaratibu wa zamani ulikuwa na madaraja sita, na manne ya juu yaliuzwa pamoja bila kutenganishwa. Fungu hilo ndilo osorterat, kifupi chake o/s. Kilichoachwa bila kuchambuliwa ni manne yale tu, baada ya mbao duni kuondolewa. Kwa Kiswahili iandikwe “mchanganyiko wa madaraja ya juu”, na mara ya kwanza iongezwe “la 1 hadi la 4”. Linalofuata ni kvinta, daraja la tano, kisha utskott, la sita. Mfasiri anayetegemea kamusi ya siasa anaweza kuwauzia wateja kamati ya bunge, kwani hiyo nayo huitwa utskott.

Mwaka 1994 Uswidi, Norwei na Ufini zilitoa mwongozo wa pamoja, Nordiskt trä, wenye herufi A, B, C na D. A, inayogawanyika kuwa A1 hadi A4, inakaribiana na osorterat, B na kvinta, C na utskott. Herufi hizo hupima mwonekano. C24 ni jambo jingine kabisa: ni daraja la nguvu la mbao za ujenzi, na 24 ni nguvu yake ya kuhimili kupindwa, kwa nyutoni kwa milimita ya mraba. Orodha yenye zote mbili iandike kwa ukamilifu “daraja C la mwonekano” na “daraja la nguvu C24”, hata kama safu ya jedwali itakuwa finyu.