Watu wa Suhum na Kamba ya Kupimia

Katika nchi ya Ghana, iliyoitwa zamani Gold Coast, njia kuu itokayo Accra kwenda Kumasi hupita katika mji wa Suhum. Mji huo ni makao ya halmashauri, na watu wengi wa wilaya yake hulima kakao, muhogo, mahindi na ndizi. Lakini mababu wa wengi wao walikuwa wageni. Na tusimulie jinsi walivyofika.

Katika miaka ya 1870 mhunzi mmoja, Tetteh Quarshie, alirudi kutoka kisiwa cha Fernando Po akiwa na mbegu za kakao, akazipanda Mampong, katika vilima vya Akuapem. Miti ikazaa, na majirani wakataka mbegu. Ila ardhi ya vilimani haikutosha. Basi watu wa Akuapem, na Wakrobo kadhalika, wakavuka mto Densu kwenda magharibi, kwenye misitu ya Akyem Abuakwa. Hawakuitwaa misitu hiyo kwa vita. Waliinunua kwa machifu, kwa fedha waliyoipata katika biashara ya mawese na ya mpira.

Mtu mmoja hakuweza kununua msitu mzima. Kwa hiyo walifanya shirika, wakamchagua kiongozi, na kila mtu akatoa kadiri ya uwezo wake. Kisha wakaigawa ardhi kwa kamba iliyopimwa kwa pima za mikono. Aliyetoa kingi alipewa ukanda mpana, na aliyetoa kidogo alipewa ukanda mwembamba, lakini ulio wake kweli. Hakuna serikali iliyowafundisha hayo. Hata mwaka 1911 Gold Coast ikazishinda nchi zote za dunia kwa wingi wa kakao.

Lakini tusidhani ya kuwa mambo yote yalikuwa mema. Mahali pengine mipaka ya misitu haikujulikana vema. Watu wakashitakiana, na fedha nyingi ya kakao ikaishia barazani kwa mahakimu.

Tena mwaka 1936 ulionekana karibu na Koforidua ugonjwa uvimbishao matawi ya mikakao. Huchukuliwa na vidudu vyeupe vidogo, nao hauna dawa ila kuukata mti. Baada ya Vita Kuu ya pili, serikali iliamuru miti ikatwe, hata ile iliyokuwa ingali ikizaa. Tufikiri uchungu wa mzee aonaye kazi ya miaka thelathini ikianguka kwa shoka! Wakulima walikasirika, na hasira hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za ghasia za mwaka 1948.

Hapo twaona jambo kubwa. Kamba ilimwonyesha kila mtu shamba lake, lakini kidudu hakijui kamba. Mti mgonjwa wa mmoja ulikuwa hatari kwa wote. Wazee wale waliungana ili kununua. Watoto wao walipaswa kuungana tena ili kuokoa, na kazi hii ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Nasi tulio wakulima, tukigawana shamba, tuupime mpaka kwa haki. Na tukiisha kuupima, tusiache kulitazama shamba la jirani.