Kipimajoto Kilichopita Tura

Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Makutupora na Tabora umeyarudisha midomoni majina ya njia ya kale ya misafara. Mojawapo ni Tura, lango la mashariki la Unyamwezi, ambako wapagazi walipumua baada ya kuivuka nyika ya Mgunda Mkali. Tumezoea kuisimulia njia hiyo kwa pembe za ndovu, watumwa na Wazungu waliotafuta chanzo cha Nile. Hoja yangu ni kwamba hiyo pia ni historia ya upimaji, na inatusaidia kuelewa kwa nini wanafizikia wa leo wanapoza molekuli hadi karibu na nyuzi 273 chini ya sifuri, ukomo wa baridi.

Richard Burton na John Speke walipita Tura mwaka 1857 wakielekea Kazeh, yaani Tabora. Katika mizigo yao mlikuwa na vipimajoto vya kupimia kimo cha nchi, kwa kuwa kadiri nchi inavyoinuka, maji huchemka kwa joto dogo zaidi: hupungua takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Vile vizuri viliharibika, na mwaka 1858 Ziwa Tanganyika likapimwa kwa kipimajoto cha kawaida cha maji ya kuogea. Walipata kimo cha futi 1,850 hivi, kama mita 560. Kimo chake halisi ni mita 773. Mwaka huohuo Speke aliliona Ziwa Victoria, akatangaza kuwa Nile inatoka humo, na Burton akakataa katakata. Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wao kule Bath, Uingereza, Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake. Burton hakunyamaza. Alishikilia kwamba huenda Tanganyika inamwaga maji yake katika Ziwa Albert. Wapinzani wakamwonesha kipimo cha Samuel Baker: Albert iko futi 2,720, juu kuliko Tanganyika, na maji hayapandi mlima. Burton akajibu kuwa kile kipimajoto cha kuogea hakiaminiki. Kuhusu chombo alisema kweli, ingawa kuhusu mto alikosea. Baker naye alizidisha, maana Albert iko mita 619 tu. Kwa vimo halisi, basi, hoja ya wapinzani ilikuwa imesimama juu ya makosa mawili. Kilichomshinda Burton ni Mto Rusizi, ambao Livingstone na Stanley waliukuta mwaka 1871 ukiingia ziwani.

Swali la wanafizikia wa leo ni kwa nini ulimwengu umejaa maada, na kinyume chake, antimata, imetoweka. Nadharia kadhaa zinasema jibu lingejionesha kama chaji ya elektroni ingekuwa imeegemea upande mmoja, hata kwa kiasi kidogo mno. Molekuli fulani nzito huongeza athari hiyo, na zikipozwa hupunguza mwendo, zikatazamwa kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionesha kuwa molekuli inaweza kupozwa kwa leza. Mwaka 2023 kundi la Boulder, Colorado, lililonasa molekuli zenye chaji, halikuona mwegemeo wowote. Atasema mtu: fedha zote hizo, na hawakuona kitu? Lakini walitaja pia mpaka wa kosa lao, na mpaka huo unazibana nadharia zilizotabiri mwegemeo mkubwa zaidi. Mwingine atasema leza na kipimajoto cha kuogea havilingani. Kwa usahihi, havilingani kabisa. Wajibu wa anayevishika ni uleule, na ndio waliousahau mabwana wa miaka ya 1860 waliopambanisha namba mbili bila kuuliza kila moja imekosea kwa kiasi gani.

Kwihara, nje ya Tabora, tunalitunza tembe alilokaa Livingstone, na ni vyema. Inauma kwamba vipimo vyenyewe havisimuliwi. Kwa sufuria, moto na kipimajoto, mwanafunzi wa Tura anaweza kupima leo kimo cha kijiji chake, kisha akilinganishe na ramani ajue chombo chake kimemdanganya kwa mita ngapi.