Maji ya Cologne na Marashi ya Mpakani Malaba

Marashi yanayojulikana duniani kote kwa jina la mji wa Ujerumani yalibuniwa na Mwitaliano. Jambo hilo linanivutia mimi niliyezaliwa Malaba, mji wenye jina moja na serikali mbili: upande mmoja ni Kaunti ya Busia nchini Kenya, upande wa pili ni Wilaya ya Tororo nchini Uganda. Hata mpaka wenyewe ulitokana na kalamu ya mkoloni, kwani hadi mwaka wa 1902 pande zote mbili zilihesabiwa kuwa Uganda. Kwetu, kitu kuvuka mpaka na kubadilika si habari mpya. Katika insha hii nitafuatilia historia ya marashi hayo, kisha nijibu swali linalotuhusu watu wa mpakani: yapi ni ya asili na yapi ni bandia?

Giovanni Maria Farina alizaliwa mwaka wa 1685 huko Santa Maria Maggiore, kaskazini mwa Italia. Mwaka wa 1708 alimwandikia nduguye barua akimweleza kuwa amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya Italia baada ya mvua. Baadaye alifanya biashara Cologne, ambako ukoo wake ulianzisha duka mwaka wa 1709, na kwa heshima ya mji uliompokea akayaita marashi yake Eau de Cologne, yaani maji ya Cologne. Matajiri wa Ulaya walikuwa wamezoea manukato mazito ya miski, ambari na zabadi. Farina aliwaletea kitu chepesi: mafuta ya maganda ya malimau, machungwa na bergamoti, yaliyochanganywa na spiriti. Bergamoti ni tunda chungu la jamii ya machungwa ambalo hukuzwa hasa Calabria, kusini mwa Italia.

Uigaji ulianza mapema, kwa sababu sheria za kulinda alama za biashara hazikuwepo. Mwaka wa 1803 mfanyabiashara Wilhelm Mülhens alinunua haki ya kutumia jina la Farina kutoka kwa mtu aliyeitwa hivyo lakini asiyekuwa wa ukoo wenye duka. Kesi zilifuatana kwa miaka mingi, na hatimaye warithi wa Mülhens waliliacha jina hilo wakashika namba ya nyumba yao, 4711. Aidha, maji hayo yaliwahi kunywewa kama dawa. Napoleon alipotoa amri mwaka wa 1810 kwamba wenye dawa za siri waeleze viungo vyake, wauzaji waliona heri kuyaita marashi tu kuliko kufichua siri.

Waitaliano nao waliirudisha harufu hiyo nyumbani. Mwaka wa 1916 Carlo Magnani alitengeneza mjini Parma marashi aliyoyaita Colonia, na kampuni yake, Acqua di Parma, ingali inayauza. Mwaka wa 2007 kampuni hiyo ilitoa toleo la kisasa, Colonia Intensa. Malimau na bergamoti yalibaki, ila yaliongezewa tangawizi, iliki na harufu ya ngozi. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapa, maana viungo vya chai yetu vimeitwa usasa wa Kiitaliano.

Mabadiliko mengine yalisababishwa na afya. Mafuta ya bergamoti yana kemikali iitwayo bergapteni, ambayo ikipakwa kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua huweza kuunguza na kuacha madoa meusi. Kwa hiyo, watengenezaji wengi wa leo hutumia mafuta yaliyoondolewa kemikali hiyo. Mtu anayedai kuwa ya zamani ndiyo bora kwa kila hali amesahau jambo hili.

Sasa nirudi Malaba. Shangazi yangu huuza marashi ya kupimwa. Ana chupa kubwa zilizobandikwa majina ya Ulaya, naye humjazia mteja kichupa kwa bei anayoimudu. Sehemu kubwa ya karo yangu imetoka humo. Wapo wanaosema kuwa biashara hiyo yote ni wizi. Historia niliyoieleza hainiruhusu kukubali haraka hivyo, wala hainiruhusu kumtetea shangazi bila masharti.

Kwa maoni yangu, kuiga harufu si kosa. Kama lingekuwa kosa, Parma isingekuwa na Colonia, na Mülhens hangekuwa na lolote la kuuza. Kosa lina sura mbili. Ya kwanza ni kuliazima jina la mwenzako ili mnunuzi adhani anapata kazi ya mikono yake. Hilo ndilo lililoupeleka ukoo wa Farina mahakamani. Ya pili ni kumpaka mtu kitu ambacho wewe mwenyewe hujui kimetengenezwa kwa nini. Katika mji wenye jua kali kama letu, ambako dereva wa lori na mwendesha bodaboda hushinda nje, ujinga huo unaweza kuonekana shingoni mwa mteja.

Nilimshauri shangazi abandue majina hayo, aandike lake, na amuulize anayemletea mafuta yana nini ndani. Alinitazama akasema, "Mwanangu, mteja haji kuuliza jina langu." Nilimjibu kwamba hata Cologne hakuna aliyekuwa akiuliza jina la Farina mpaka alipolifanya liulizwe. La majina hajalikubali. La mafuta amelikubali: siku hizi, mletaji asiyeweza kueleza mzigo wake una nini huondoka nao.