Moto wa Milele na Makadhi wa Unguja
Ndugu zangu, mnauliza Mungu wa huruma atakuwaje na moto wa milele, na mnasema mwenye kuuamini hawezi kuvumiliana na wa dini nyingine. La kwanza gumu, Ar-Rahman ndiye ajuaye. La pili historia ya Unguja inalikataa. Ibadhi wanafundisha kuwa hata Muislamu aliyekufa na dhambi kubwa bila kutubu hatoki motoni. Sunni wanasema hutoka. Si tofauti ndogo hiyo! Hata hivyo masultani wa Kiibadhi waliweka makadhi wa Kisunni pia, na mwaka 1873, zama za Barghash, Waanglikana wakaanza kujenga kanisa lao Mkunazini. Hukumu ya moto aliachiwa Mwenyewe. Geneva mwaka 1553 hawakumwachia: tabibu Michael Servetus alichomwa hai kwa kukana Utatu. Lakini nisimpambe Barghash, manake baadhi ya masheikh waliogombana nae kwa ajili ya madhehebu aliwatia jela.